Kaka anasema mafuta yangu ya kukaangia samaki ndiyo yaliyompofusha mama

Hujambo mama? Husoma majibu yako kila wiki, na leo imenibidi niandike yangu, maana hii ni wiki ya tatu silali vizuri.

Nina miaka 43, watoto watatu, naishi Kondele hapa Kisumu. Kazi yangu ni samaki. Asubuhi nachukua mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki minofu ikishatolewa, siku nikiwa na pesa nachukua ngege, nakaanga kando ya barabara kuanzia saa kumi jioni mpaka saa tatu usiku. Karai hilo ndilo limelipa karo ya watoto wangu, na ndilo linalomlisha mama yangu mzazi. Nilimtoa nyumbani Seme miaka minne iliyopita, baada ya baba kutuacha. Ana miaka 71.

Mwaka jana alianza kulalamika kwamba taa ya nyumba yangu ni hafifu. Nikanunua balbu kubwa, akasema bado. Halafu akawa anamwaga chai kando ya kikombe. Biblia yake ya Kijaluo, ambayo hakukosa kuisoma jioni hata moja, akaanza kumpa mjukuu amsomee. Siku moja kitinda mimba wangu alisimama mbele yake kimya, mama akamuuliza, "Wewe ni nani?" Lakini siku hiyohiyo kuku alipenya mlangoni kwa pembeni, akamwona na kumfukuza. Ndugu zangu wakasema anajifanya.

Nilimpeleka hospitali. Daktari akamtia matone ya kupanua mboni, akammulika, akasema si mtoto wa jicho. Akasema ni sehemu ya katikati ya retina inayozeeka, na kwamba nyuma yake kuna madoa ya mafuta, kolesteroli, macho yote mawili, ila la kulia ndilo limeharibika zaidi. Ni aina kavu, akasema, haina dawa, turudi baada ya miezi sita. Ilichukua dakika kumi. Miezi sita imepita na hatujarudi. Ni pesa.

Kosa langu lilikuwa kumwambia kaka yangu neno hilo la mafuta. Yeye yuko Nakuru. Tangu siku hiyo hatuelewani. Anasema mafuta ya karai langu, ambayo huyatumia siku tatu kabla ya kuyamwaga, ndiyo yaliyompofusha mama, kwa sababu mama alikuwa akila samaki wangu karibu kila jioni. Aliandika hivyo kwenye kikundi cha familia, shangazi na wajomba wakasoma. Amepiga marufuku samaki, mayai na parachichi. Sasa mama anakula ugali na kabichi ya kuchemsha, na amekonda. Kaka anataka tuagize matone mtandaoni, chupa ndogo shilingi 6,500, yanaitwa lanosteroli, muuzaji anadai yanayeyusha mafuta ndani ya jicho. Na amenitumia vidonge vyake mwenyewe vya kolesteroli nimpe mama.

Kinachonichanganya ni kwamba kliniki ya presha walimpima mama damu na kolesteroli yake ikawa sawa. Sasa hayo mafuta ya jicho yametoka wapi, kama si kwenye karai langu?

Mama mwenyewe halalamiki. Anakaa kwenye kiti chake nyuma ya jikoni, anavuta sigara yake, ile ya kugeuza moto ndani ya mdomo kama walivyozoea kina mama wa rika lake, ananiambia niache kulia. Wiki iliyopita alinichekesha, aliniuliza ni fundi gani amepinda fremu ya mlango wetu. Tena jioni husema anaona maua ukutani, na jirani ameniambia hayo ni ya kuombewa.

Niambie ukweli. Ni mimi niliyempofusha mama? Nitupe karai?

Binti wa samaki, Kondele

*

Mwanangu, weka barua hii chini kwanza, uende kwa mama. Mkalishe palepale anapouona ule mlango. Funika jicho lake la kulia kwa kiganja, bila kulibonyeza, umwambie aangalie fremu kwa jicho la kushoto peke yake. Kisha ufunike la kushoto. Jicho litakaloona mlango umepinda ndilo linalotakiwa kuonwa na daktari wa macho wiki hii hii. Usisubiri mwisho wa mwezi, wala usisubiri mpaka wewe na kaka muelewane. Nitakueleza sababu, lakini nimetaka ulijue hili kabla ya lingine lolote.

Sasa swali lako. Hukumpofusha mama yako. Ninalisema hilo baada ya miaka mingi ya kukaa chumba chenye giza, tochi mkononi, nikitazama nyuma ya macho ya wazee. Kaka yako amelisikia neno moja la kweli, "mafuta", akalijengea nyumba nzima ya uongo. Ukishajua mafuta hayo yanatoka wapi utaweza kumjibu, na hao shangazi na wajomba pia.

Nyuma ya jicho kuna retina, ngozi nyembamba inayopokea mwanga. Katikati yake kuna makula, sehemu ndogo sana ambayo kwayo tunasoma, tunatunga uzi kwenye sindano na kutambua sura ya mtu. Makula ya mama ndiyo yaliyougua. Pembeni kote bado ni salama. Ndiyo maana kuku aliyepita kando alionekana, na mjukuu aliyesimama mbele hakuonekana. Waambie ndugu zako kwamba mama hakujifanya hata dakika moja.

Seli za retina zinazopokea mwanga zina vilele vilivyojaa mafuta, na kila siku humwaga ncha za vilele hivyo na kuota nyingine, hata katika siku kumi hivi kilele kizima huwa kipya. Hizo ncha zilizomwagwa lazima ziliwe na mtu. Chini ya retina kuna safu moja ya seli za rangi nyeusi, nami huziita yaya, kwa sababu kazi yao ni kulisha na kusafisha. Yaya mmoja huhudumia seli kama thelathini, usiku na mchana, maisha yote, na hazaliwi mwingine wa kumpokea zamu. Hula zile ncha, hurudisha kinachofaa, na masalio ya mafuta huyafunga kwenye vijifurushi vya kolesteroli na kuvisukuma nje, vivuke utando mwembamba vikachukuliwe na mishipa ya damu iliyo nyuma.

Ujanani utando huo hupitisha kila kitu. Uzeeni hunenepa na kuziba, na vijifurushi hukwama njiani. Hukwama mwaka hadi mwaka, vikawa vinundu vidogo vya manjano ambavyo daktari huviona akimulika. Huitwa druseni. Hayo ndiyo "madoa ya mafuta" aliyokuambia daktari.

Umeona yanatoka wapi? Sehemu kubwa ya kolesteroli hiyo hufungwa na kusukumwa na seli za jicho lenyewe. Retina hujitengenezea kolesteroli yake, na nyingine huipokea kutoka kwenye damu kidogo kidogo, hata mtu ambaye damu yake imepimwa ikawa sawa. Ndiyo maana karatasi ya kliniki ya presha na maneno ya daktari wa macho havikupatana masikioni mwako, na vyote viwili ni vya kweli. Wataalamu walipojaribu kuufunga ugonjwa huu na kolesteroli ya damu, majibu yaligongana. Kuna aina ya jeni iitwayo APOE4 ambayo hupandisha kolesteroli ya damu na huongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau uzeeni, lakini wenye nayo huugua makula kwa uchache kuliko wenzao. Na ile kolesteroli tunayoisifu kuwa nzuri, HDL, wenye nayo kwa wingi wameonekana kuwa katika hatari zaidi kidogo ya ugonjwa huu. Mambo hayako kama kaka alivyoyapanga.

Kisha kuna jambo la pili, na hapo karai lako litanisaidia kukueleza. Unaujua ule ugando wa kahawia unaoshika ukingoni mwa karai, mahali mafuta yanaporuka na kukutana na hewa na moto? Unasugua kwa waya wa chuma na hautoki. Ulikuwa mafuta yale yale ya jana, maji matupu ya njano. Hewa na joto ndivyo vilivyoyageuza. Kolesteroli nayo ikikaa muda mrefu mahali penye oksijeni nyingi hugeuka, kama chuma kinavyoshika kutu. Na hakuna mahali mwilini panapotumia oksijeni kama retina, tena penye mwanga mchana kutwa. Kolesteroli iliyogeuka hivyo huitwa oksisteroli, na ziko za aina nyingi. Iliyochunguzwa zaidi katika ugonjwa wa mama ni 7-ketokolesteroli. Imekutwa nyuma ya macho ya wazee, katika utando ule ule na katika druseni. Ikimwagiwa seli za yaya maabara, huziua. Kabla ya kuziua huzifanya zipige kelele za kuomba msaada, yaani zitoe kemikali za uvimbe, na nyingine iitwayo VEGF inayoita mishipa mipya ya damu. Watafiti walipoiweka ndani ya macho ya panya, mishipa iliota.

Si oksisteroli zote zina ubaya. Nyingine jicho huzitengeneza makusudi, kwa vimeng'enya vyake, kwa sababu kolesteroli ikibadilishwa kidogo huwa rahisi kutolewa nje. Mtu aliyezaliwa na hitilafu katika mojawapo ya vimeng'enya hivyo anaweza kupata mtoto wa jicho akiwa bado mtoto mdogo. Kwa hiyo usije ukasikia neno oksisteroli kwa mchuuzi wa dawa ukaogopa. Zimo zinazofagia, na zimo ambazo ni kutu.

Rudi sasa kwenye mlango uliopinda. Mama yako aliambiwa ana aina kavu, ambayo huharibu polepole, miaka. Lakini aina kavu inaweza kugeuka kuwa ya majimaji. Ile mishipa mipya iliyoitwa na VEGF huota mahali pasipo pake, ni dhaifu, huvuja maji na damu chini ya makula na kuiinua. Retina ikiinuka, mistari iliyonyooka huonekana imepinda: fremu ya mlango, nguzo ya stima, ukingo wa meza. Wewe ulicheka, na mimi sikulaumu, lakini niliposoma sentensi ile nilisimama. Aina ya majimaji inaweza kula uwezo wa kusoma kwa wiki chache tu. Na ndiyo yenye dawa. Ni sindano inayopigwa ndani ya jicho baada ya kutiwa ganzi, inayoifunga VEGF, mara nyingi kila mwezi mwanzoni. Ikiwahi, huokoa, ikichelewa, kovu likishafanyika, haina cha kuokoa. Kama jicho linaloona mlango umepinda ni la kushoto, ambalo ndilo zima zaidi, basi ndilo jicho mama analoishi nalo.

Usiende popote bila kuuliza kwanza. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga iko hapo kwenu Kisumu, na Hospitali ya Macho ya Sabatia iko Vihiga, safari ya matatu. Piga simu, uliza maswali matatu: kuna daktari wa retina siku gani, mnapiga picha ya OCT, na mnapiga sindano za kuifunga VEGF au mnamtuma mgonjwa kwingine? OCT ni picha inayoonyesha tabaka za retina kama keki iliyokatwa, na maji yakiwepo huonekana. Haiumi. Bei ya sindano hutofautiana sana. Dawa ya sindano iitwayo bevacizumab ni ya bei nafuu kuliko wenzake, na utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba katika kuhifadhi uwezo wa kuona inakaribia kulingana na ranibizumab ya bei ghali. Kwa hiyo usione haya kuuliza, "Kuna ya bei ya chini?" Pita pia kwenye dirisha la SHA, bima ya afya ya serikali, kabla ya kulipa, ujue kinacholipwa na kisicholipwa. Siku ya kwenda, sema neno hili hili mapokezi: "Mistari imeanza kupinda wiki iliyopita." Neno hilo humsogeza mgonjwa mbele kwenye foleni kuliko kusema "haoni vizuri", ambalo wote walio kwenye benchi wanalisema.

Matone ya lanosteroli msinunue. Najua yalikotoka. Mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba lanosteroli, ambayo mwili huitumia kama malighafi ya kutengenezea kolesteroli, ilipunguza ukungu katika lenzi za mbwa wenye mtoto wa jicho. Dunia ikafurahi. Wengine walipoijaribu kwenye lenzi za watu zilizotolewa katika upasuaji, ukungu haukuyeyuka. Na hata ingalifanya kazi, mtoto wa jicho uko kwenye lenzi, mbele ya jicho, na daktari alikwambia waziwazi mama hana. Shilingi 6,500 zinakupeleka Sabatia na kurudi, na zinabaki.

Vidonge vya kaka mrudishie. Inawezekana amesikia habari za atovastatini na druseni. Utafiti wenyewe, uliotolewa mwaka 2016, ulikuwa wa wagonjwa 23 waliopewa miligramu 80 kwa siku, dozi kubwa kabisa, na 10 kati yao druseni zilipungua sana. Ni habari ya kutia moyo kwa watafiti, lakini hakukuwa na kundi la kulinganisha nalo, na haijawa tiba. Mama anakunywa dawa za presha. Kidonge kingine chochote aandikiwe na anayejua anachokunywa, kwa mahitaji ya moyo wake, wala kisitoke mfukoni mwa mwanawe.

Karai je? Nisikufiche: kolesteroli iliyogeuka ipo pia kwenye vyakula. Samaki ana kolesteroli yake, na moto mkali huigeuza kiasi. Mafuta ya mimea unayokaangia hayana kolesteroli hata tone, iwe yameandikwa hivyo kwenye mtungi au la. Lakini ile iliyo nyuma ya jicho la mama ni ya miaka 71 ya seli zilizokula na kufunga vijifurushi, na miaka mitatu minne ya samaki wako haiwezi kubebeshwa mzigo huo. Hata hivyo siku tatu ni nyingi, mwanangu. Mafuta yakitoa povu lisilotulia, yakiwa mazito, yakianza kufuka moshi kabla hujatia samaki, yamekwisha, hata kama ni siku ya kwanza. Yachuje kila usiku yakipoa, na usiongeze mapya juu ya machafu. Nakwambia hivyo kwa ajili ya mioyo ya wateja wako na yako mwenyewe unayekaa juu ya moshi ule saa tano kila siku. Karai usilitupe.

Na mama arudishiwe chakula chake. Kaka amemnyima vile vile vinavyolisha makula. Rangi ya manjano iliyo kwenye makula hutokana na luteini na zeaksanthini, ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza, lazima ziliwe. Sukuma wiki ni mojawapo ya mboga zenye luteini nyingi kabisa, na mboga nyingine za majani mabichi zinazouzwa Kibuye zinayo. Kiini cha yai kinayo, na mwili huichukua kwa urahisi kutoka humo kwa sababu ya mafuta yake. Mboga ya kuchemsha bila tone la mafuta hupitisha luteini nyingi bure. Parachichi lirudi. Samaki arudi, wa mchuzi mara nyingi na wa kukaanga mara moja moja. Katika tafiti nyingi wanaokula samaki mara kwa mara wameonekana kuugua makula kwa uchache. Mzee wa miaka 71 kukonda kwa kabichi ni hatari iliyo karibu kuliko druseni.

Vipo pia vidonge vilivyotengenezwa kwa fomula ya AREDS2, utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2013: vitamini C, vitamini E, zinki, shaba, luteini na zeaksanthini. Havirudishi kilichopotea. Fomula iliyoitangulia, ya mwaka 2001, ilionyesha kwamba kwa mtu aliye katika hatua ya kati ya ugonjwa, au ambaye jicho moja limeshaharibika, vidonge hupunguza kwa takriban robo uwezekano wa kufika hatua mbaya ndani ya miaka mitano. Muulize daktari kama mama yuko hapo kabla ya kutoa pesa. Na soma lebo: fomula ya zamani ilikuwa na beta-karotini, ambayo iliongeza saratani ya mapafu kwa wavutaji wa sigara. Mama asiiguse.

Maana sigara umeitaja mara moja tu, katikati ya sentensi, kama unavyotaja kiti chake. Katika barua yako yote ya karai na mafuta na mayai, hilo ndilo jambo lililothibitishwa kuliko yote. Wanaovuta huwa katika hatari ya ugonjwa huu mara mbili hadi nne ya wasiovuta. Moshi huleta ile kutu ninayokueleza na kula kinga inayoizuia. Usimfanyie mama alivyokufanyia kaka, usimpeleke kwenye kikundi cha familia. Kaa naye nyuma ya jikoni, mwambie kwamba kila asubuhi asiyovuta inahesabika, hata katika umri wake, na kwamba moto ule ndani ya mdomo huweza pia kuleta saratani ya kaakaa. Wengi wa rika lake nimewaona wakiacha walipoambiwa na mtu asiyewapigia kelele.

Maua ya ukutani hayahitaji kukemewa. Ubongo uliozoea picha ukinyimwa picha hujichorea zake: maua, nyuso, watu wadogo waliovaa vizuri. Mswisi aitwaye Charles Bonnet aliyaandika hayo mwaka 1760 kuhusu babu yake aliyekuwa na akili timamu. Mama anajua si ya kweli? Basi akili yake ni nzima. Apepese macho, ageuze kichwa, uwashe taa, mara nyingi yatapotea. Jirani akitaka kumwombea mama yako, aombe sindano ipatikane.

Nyumbani, mnunulie kikombe cheupe kwa ndani ili chai ionekane inapopanda, na mweke karibu na dirisha, mwanga utokee begani. Mfundishe kuangalia kando kidogo ya anachotaka kukiona, ili kiangukie sehemu nzima ya retina. Wajukuu wazoee kusema majina yao wanapoingia.

Kaka yako akisema huu ni ugonjwa wa Wazungu au wa wala vya mafuta, mwambie ulihesabiwa hapo hapo anapoishi. Mwaka 2007 na 2008 watu wa Nakuru wenye miaka 50 na zaidi walikaguliwa macho, vijijini na mjini, na karibu 11 katika kila 100 walikuwa na dalili za mwanzo za ugonjwa wa makula, na takriban mmoja katika 100 alikuwa nao katika hatua ya mwisho. Hao wote hawakula kwenye karai moja. Kisha mwambie picha ya OCT ni ya kwake kuilipa, na nauli ni yako.

Jambo la mwisho, chukua daftari la hesabu la mtoto, lile la miraba. Weka nukta nyeusi katikati ya ukurasa, ulibandike ukutani usawa wa uso wa mama. Kila asubuhi, akiwa na miwani yake ya kusomea kama anayo, aangalie nukta kwa jicho moja, kisha kwa lingine, akuambie miraba imenyooka au imeyumba, na kama kuna mahali pamefutika. Andika tarehe pembeni. Ubebe daftari hilo kwa daktari.

Niandikie mkirudi. La kulia utanieleza kwa nafasi yako, lakini la kushoto niambie siku hiyo hiyo.